Kilio Kilichotoka Kwenye Simu

Juma lililopita mliniacha chini, kwenye saruji ya barza, kibaraza cha nyumba yangu, kitenge kimefunguka, wamama wa shirika la kanisa wamenishika mikono miwili. Nilikuwa ninamlilia mume wangu.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza, nitasema kidogo. Mimi ni Mama Fortunée, wa Kikula, hapa Likasi. Nilisoma shule ya msingi tu, kwa hiyo msinitafutie maneno makubwa. Mwenye masomo ni binti yangu Fortunée. Yeye ni chef, yaani mkuu, wa kitengo cha simu katika kampuni inayotengenezea wengine programu. Wakubwa wa viwanda na wa hospitali wanamwita, anakaa nao, anasikiliza shida yao, halafu anawaambia: hii inafaa kuingia kwenye simu, hii haifai, msijisumbue. Kisha vijana walio chini yake wanaitengeneza.

Kazi yake ya sasa ni programu ya kilio. Mtu akifa, wa nyumbani mwake anaweka picha na jina, na habari inaingia papo hapo katika simu za ndugu na za wenzake wote wa mutuelle, chama chao cha kusaidiana. Kila mmoja anaambiwa alete nini: huyu viti, yule hema, yule unga wa bukari, ugali wetu. Mutuelle ya watu wa kiwanda ilikuwa isaini mkataba Jumatatu.

Jumamosi asubuhi programu ikasema aliyekufa ni Papa Godefroid. Mume wangu, baba ya Fortunée. Alikuwa ametoka kunywa chai yangu, akasema anakwenda kutembea kidogo.

Mimi habari nilizipata kwa watu walioshusha viti katika lupango letu, uani kwetu.

Basi ninalia, nimelala chini, na Mama Blandine wa kwaya analia juu ya mgongo wangu. Ndipo nikasikia sauti mlangoni.

"Karibuni bote," ilisema. "Muko bengi kabisa."

Kwaya ilikatika katikati ya ubeti.

Alikuwa yeye. Amesimama kwa miguu yake miwili, shati limepigwa pasi, kidevu kimenyolewa, ananukia poda ya kinyozi.

Mama Blandine aliniachilia, kichwa changu kikagonga saruji. Wamama wengine walikimbia hadi nyuma ya jiko. Mzee mmoja alivua kofia, akaivaa, akaivua tena, hajui mtu aliyerudi anasalimiwa namna gani.

"Papa Godefroid," nilisema, "weye haukufa?"

"Unaniona namna gani?"

Nilimshika mashavu. Nilimshika masikio. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na kamasi zinanitoka mbele ya watu. Sijui ni mwanamke gani angefanya vingine. Lakini leo ninapoandika, mikono hii iliyomshika inanichukiza.

Kwa sababu angalieni alichofanya. Hakuuliza ni nani amesema amekufa. Hakuuliza viti ni vya nini. Alipita polepole katikati ya watu, anaangalia sura moja moja, kama padri anayetaka kujua nani amekosa misa. Kisha akakaa kwenye kiti cha mbele, kile tunachowekea wazee wa famili.

"Alphonse hakukuya?" aliuliza.

Alphonse alifanya kazi naye kwenye tanuru moja mpaka wote wawili wakapumzishwa.

"Iko njiani, Papa," mtu alijibu.

"Njiani. Minye nikufe, ye iko njiani."

Nilidhani ni mshtuko unamsemesha.

Fortunée alifika akikimbia, viatu mkononi. Alipomwona baba yake amekaa, alipiga magoti hapo hapo na kuweka kichwa kwenye mapaja yake. Baba yake alimgusa nywele kidogo, kama mtu anayefukuza nzi kwa adabu.

Nyuma yake aliingia patron wake, mkubwa wake wa kazi, Franck, suti ya bluu, miwani juu ya kipaji. Nilifikiri amekuja kuomba radhi. Nikajifunga kitenge vizuri nimpokee.

"Mama, félicitations," alisema, ananipa mkono wa hongera.

"Félicitations ya nini, Patron?"

"Angalia." Akazungusha mkono. "Viti iko. Hema iko. Unga iko. Kwaya iko. Na jua haijapanda hata muzuri. Batu ba mutuelle ilikuwa inabasumbua hii: batu batatii telefone? Jibu njo hii."

"Minye nilikuwa mujane, Patron. Tangu asubuhi."

"Njo maana, Mama. Ilikuwa ya kweli. Essai, jaribio ya namna hii, hatungeweza kuipata ku bureau."

Akatoa simu yake, akaanza kupiga picha za viti. Akamwomba Mama Blandine arudi chini kidogo, akae vile alivyokuwa wakati wa kulia. Na Mama Blandine, Mungu amsamehe, alirudi chini. Akajipanga na kitambaa cha kichwa. Nikageuka, nikatema mate kwenye maua.

Fortunée alisimama.

"Patron, hii haikuwa essai. Minye sikutuma kitu. Jana tulifungua njia ya kwenda ku mutuelle, ju Jumatatu ikute iko tayari. Mutu yeyote mwenye programu ku telefone yake angeweza kutuma."

"Na nani iko nayo?"

"Timu yangu. Na..." Alinitazama. "Na ba hapa nyumbani. Minye kila programu naanzia hapa. Mama akiiweza, kila mutu ataiweza."

Ni kweli. Ndiyo njia yake ya kufanya kazi, na ndiyo jambo ninalowaonya tangu mlipoanza kunisoma. Kila programu yake ilipita kwanza katika vidole vyangu na vya baba yake, pale mezani, baada ya bukari. Mimi ninakosea, yeye anacheka, kesho yake anakwenda kuwafokea vijana wake: mama yangu amepotea hapa, tengenezeni. Nilikuwa najisikia mtu. Wamama, mtoto akikuletea kazi yake mezani, mpokee mtoto, kazi ibaki nje. Mimi nilizipokea zote mbili.

Franck alishusha sauti, lakini nilikuwa karibu.

"Fortunée, sikiliza. Ukisema haukutuma, maana programu yetu haina mulango, mutu yeyote anaweza kuua mutu. Mutuelle itakimbia, na kitengo yako itafungwa. Ukisema ni weye ulipanga essai, Jumatatu banasaini na weye unabakia chef."

"Niseme niliua baba yangu?"

"Useme ulifanya essai. Ni neno tu."

Hapo taxi-bus ilisimama barabarani. Akashuka Tantine Émilienne, dada mkubwa wa Papa, kutoka Mulungwishi. Naye simu ilikuwa imemfikia. Alianza kulia tangu mlango wa gari, akavuka mfereji analia, akaingia analia, akamkuta mdogo wake ameshika kikombe cha chai.

Alilia bado kidogo. Kilio kilikuwa na mwendo, hakikuweza kusimama mara moja. Kisha akajifuta macho, akauliza kwa sauti kavu:

"Neno hii ilitoka kwa nani?"

Watu wote waligeuka. Walimtazama Fortunée tu.

"Ah," alisema. "Chef."

"Tantine, haiko minye."

"Programu ni ya nani?"

"Ya kampuni. Minye naongoza kazi."

"Unaongoza. Mutoto mwanamuke, hana bwana, anaongoza banaume, motokari inakuya kumutwaa asubuhi. Siku zote najiuliza, kiti ile aliipata namna gani? Leo nimeona. Aliuzisha baba yake."

Nani wa kwetu hayajui maneno hayo? Mtoto akipanda haraka kazini, midomo inaanza kuuliza amemtoa nani kafara. Nimewaona waliofukuzwa katika famili kwa maneno madogo kuliko hayo. Wanakuwa na nyumba nzuri, na hakuna wa kuwapelekea hata salamu. Mazishi ya mama zao wanayasikia kwa watu.

"Mama Émilienne, chunga kinywa," nilisema.

"Kinywa yangu iko na kazi yake. Godefroid, sema weye. Mutoto alikuuzisha, ao hakukuuzisha?"

Watu wote wakamgeukia. Lilihitajika neno moja. Fortunée alimtazama baba yake kama alivyokuwa anamtazama akiwa mdogo, nilipokuwa ninampeleka kumngoja pale watu wa kiwanda wanapotokea.

Papa Godefroid alikunywa chai. Akaangalia ndani ya kikombe.

"Minye sijue mambo ya telefone," alisema.

Nilisikia wamama wakivuta pumzi. Wale waliokuwa wamekaa karibu na mtoto wangu walisogeza viti.

Tantine Émilienne akaomba beseni.

Hapa lazima niwaelezee, kwa sababu kwenu labda ni vingine. Katika famili ya Papa, mtu aliyeliliwa akiwa hai haachwi hivyo. Aliyetangaza kifo chake lazima alirudishe neno lile kwa kinywa chake mwenyewe, aseme lilitoka kwake, mbele ya walewale waliolia, huku anamwosha miguu. Ndipo kifo kinaondoka. Lakini mtu akirudisha neno ambalo si lake, kifo hakiondoki. Kinabaki kwake. Mkwe wangu, mama ya Papa, alinifundisha hayo nilipoolewa, na alininyooshea kidole cha kunionya.

"Chef atarudisha," Tantine alisema. "Halafu famili itaona ya kumufanya."

Papa akaingia ndani kuvua viatu.

Mama Blandine alinisogelea, anataka kunituliza. "Hata hivyo, Mama Fortunée, picha ilikuwa ya muzuri. Angalia vile Papa anapendeza." Akanionyesha simu yake.

Nilikuwa bado sijaiona picha hiyo. Nilikuwa nimelia bila kuangalia.

Papa amevaa shati lile lile la asubuhi hiyo. Bega moja limeinuka, mkono umenyooka hadi nje ya picha, kama wanavyofanya wanaojipiga wenyewe. Na nyuma yake kuna pazia la maua ya njano.

Pazia hilo nilikuwa nimelitundika jana yake jioni, kwenye mlango wa chumba chetu. Fortunée hakuwa amekanyaga kwetu juma lile lote. Hakujua hata kama nina pazia jipya.

Nilimwachia Mama Blandine simu yake, nikaingia chumbani.

Papa alikuwa amekaa kitandani, anavua soksi.

"Ulijipiga picha mbele ya pazia yangu," nilisema.

Hakuinua kichwa. "Pazia iko muzuri."

"Ju ya nini, Papa Fortunée?"

Alikunja soksi moja, akaiweka ndani ya kiatu. "Wakati niligonjwa, nani alikuya kuniona? Sema jina moja. Alphonse anapita pale barabarani na kinga yake, baiskeli ile, hapige hata kengele. Tangu nilitoka kazi, batu banapita hapa kama nyumba haina mutu. Nikasema, nione kilio yangu itakuwa namna gani. Bengine banaijua bakiwa chini ya udongo, haibasaidie kitu. Minye nilitaka kuijua mbele."

"Na wakati nalia, ulikuwa wapi?"

"Ng'ambo. Kwa Gauthier, kinyozi. Kioo yake inaangaliana na mulango yetu. Niliona kila mutu akiingia."

"Uliniona minye."

"Nilikuona. Ulilia vile inafaa." Akavuta soksi ya pili. "Blandine alizidisha. Na kwaya ilichelewa."

Nilishika ubao wa kitanda. Mtu huyu nimemlalia kifuani miaka yote. Nimemfua, nimemlisha kwa kijiko. Na yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, povu la sabuni kwenye mashavu, ananiangalia kwenye kioo nikigaragara kwenye saruji, huku anamwambia Gauthier apunguze na nyuma ya shingo. Nilimwona kama kitu kilichooza ndani ya sufuria iliyofunikwa vizuri.

"Toka uwaambie," nilisema.

"Nibaambie nini? Nilijiua minye mwenyewe ju nione nani atalia? Tangu leo bataniita nani? Minye nilibakia na jina tu, Mama Fortunée. Mutoto iko na masomo. Iko na nguvu. Atabeba."

"Bataita mutoto mulozi, muchawi. Mutoto wako."

"Itapita."

"Na kifo akikibeba?"

"Weye mwanamuke wa kanisa, unaamini bile?" alisema. Lakini aliniambia huku anaangalia pembeni, na niliona kwamba yeye anaamini. Akavaa kandambili zake, akatoka.

Nilipofika nje, beseni lilikuwa tayari mbele ya kiti chake. Watu wamesogea, wengine wamesimama juu ya viti waone. Franck alikuwa na simu yake juu, tayari.

Fortunée alikuwa ameshika simu ya Mama Blandine. Aliangalia picha. Akainua macho hadi mlango wa nyumba, ambao niliuacha wazi, na kule ndani pazia la njano lilikuwa linapepea. Akarudi kwenye picha. Kisha akaangalia miguu ya baba yake inayoshuka ngazi ya barza.

Huyu ni mtoto anayelipwa kutafuta mahali kitu kilipoharibika. Alipatafuta, akapapata. Nilimwona akipapata.

Nilingoja apaze sauti. Hakupaza. Alimrudishia Mama Blandine simu, akakunja mikono ya blauzi yake.

"Fortunée, apana," nilisema.

"Acha, Mama."

"Haiko neno yako."

"Mama, ye ni muzee. Atafanya nini na haya hii? Acha."

Aliyasema kwa sauti ndogo, yakanifikia mimi peke yangu. Akapiga magoti. Papa Godefroid alikaa, akampa mguu wa kuume, kama anavyompa fundi viatu apime.

"Sema," Tantine Émilienne alisema.

"Sema, Chef," Franck naye alisema, kwa upole, nyuma ya simu yake.

Hapo ndipo nililielewa lupango zima. Shangazi anataka amwone mulozi, patron anataka apate saini, baba anataka abaki na jina. Hawapendani, hawajuani, lakini wote wanataka neno moja kutoka kinywa kimoja. Na mtoto wangu alikuwa anawapa.

Fortunée alichota maji kwa kiganja. "Neno hii," alisema, "ilitoka..."

Nililipiga beseni teke.

Maji yalimwagika hadi kwenye viatu vya Franck. Beseni lilizunguka, likalia, likatulia karibu na mguu wa hema. Mtoto alibaki na kiganja kitupu.

"Mutoto wangu hatarudisha neno ambayo hakutuma," nilisema. "Papa Godefroid, batu bote beko hapa. Ulitaka kubaona, ubaone. Sema ni nani alituma."

Papa aliangalia mguu wake uliolowa. Akainua macho, akatazama juu ya vichwa, kuelekea barabarani.

Alphonse alikuwa anaingia. Kinga lake amelishika kwa mkono mmoja, kofia kwa mkono mwingine, macho mekundu. Alipomwona Papa amekaa, kinga lilimponyoka. "Godefroid," alisema, akaanza kulia upya, kama mtoto.

Niliuona uso wa mume wangu ukifunguka. Alikuwa amepata alichokitafuta. Nikasema moyoni, sasa atasema, sasa hana tena sababu ya kuficha.

Alimpa Alphonse mkono. Akamwonyesha kiti kilicho karibu yake. Akangoja akae. Kisha akanigeukia, na akasema kwa utulivu, ili Alphonse asikie vizuri:

"Ni Mama Fortunée njo alituma. Ye pia iko na programu ku telefone yake. Sikutaka kumupatisha haya."

Franck alishusha simu. Fortunée alisema, "Papa," mara moja tu.

Tantine Émilienne alikwenda hadi mguu wa hema, akaokota beseni, akaligeuza kuona kama limetoboka. Akaenda kwenye bomba, akalijaza tena. Alirudi nalo polepole asilimwage, akampita mtoto wangu, akaliweka chini mbele ya miguu yangu.

"Piga magoti," alisema.